Wakimbizi wa Pemba wa Mwaka 2001: Afya ya Kijana Anayekimbia, Anayengoja na Anayehamia Ugenini

Katika masomo ya afya ya jamii, Tanzania hutajwa kwa kawaida kuwa nchi inayopokea wakimbizi. Warundi waliingia mwaka 1972 na tena mwaka 1993, Wanyarwanda mwaka 1994, Wakongomani kuanzia mwaka 1996. Mwanzoni mwa karne hii mikoa ya magharibi ilikuwa ikihifadhi zaidi ya nusu milioni ya watu waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi jirani. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa udaktari na uuguzi hushangaa wanapoelezwa kwamba mwaka 2001 Tanzania nayo ilitoa wakimbizi wake, na kwamba wengi wao walitoka kisiwani Pemba.

Habari yenyewe ni fupi kuisimulia. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika Zanzibar, ukarudiwa katika majimbo 16 mwezi uliofuata, na Chama cha Wananchi (CUF) kikaususia. Chama hicho kikaitisha maandamano ya tarehe 27 Januari 2001, ambayo yalipigwa marufuku. Tarehe 26 watu walipigwa risasi Unguja. Kesho yake zikawa zamu za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600. Micheweni askari polisi naye aliuawa. Siku zilizofuata zilikuwa za kamatakamata na vipigo majumbani, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari kwenda Kenya.

Mwanahistoria atasema kwamba hii haikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na majeshi mawili wala uwanja wa mapambano, na atakuwa amesema kweli. Kwa tabibu, hata hivyo, mwili wa kijana aliyelala mikokoni usiku akingoja mashua ni mwili uleule, iwe ametoka Bujumbura, Bukavu au Wete. Kisa cha Pemba kinafaa kusomwa kwa sababu ni kidogo kiasi cha kuweza kufuatwa hatua kwa hatua, kuanzia risasi hadi karatasi za makazi mapya. Tena kinaonyesha jambo ambalo idadi kubwa za Kigoma hulificha: kila kituo cha safari huongeza ugonjwa wake juu ya ule wa kituo kilichotangulia.

Kwa nini Shimoni

Aliyeiangalia ramani bila kuijua bahari atauliza kwa nini watu hawakukimbilia Tanga. Tanga ilikuwa Tanzania ileile, na waliokuwa wakiwatafuta wangewakuta huko. Lakini ipo sababu ya pili, nayo ni ya kale kuliko siasa za vyama. Wavuvi wa Pemba wana desturi ya kwenda dago, yaani kuhama kwa msimu na kupiga kambi ufukweni mbali na kwao kufuata samaki. Kwa vizazi vingi madago yao yamefika Vanga, Shimoni, Wasini, Gazi na kaskazini zaidi hadi pwani ya Kilifi. Njia ya Mkondo wa Pemba ilikuwa vichwani mwa manahodha, na upande wa pili walikuwepo watu wenye lugha moja, dini moja na mara nyingi ukoo mmoja. Uhamaji wa lazima hupita katika njia zilizokwisha kuchimbwa na uhamaji wa hiari. Ndivyo ilivyokuwa hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ambapo waliokimbia walifuata nyuzi za ukoo na biashara hadi Oman, nchi nyingine za Ghuba, na Uingereza. Na Sultani Qaboos aliposhika madaraka Muscat mwaka 1970, nyuzi hizo zikawa kamba.

Januari ni mwezi wa kaskazi. Mashua iendayo Shimoni hupigwa na upepo na mawimbi ubavuni, na mashua iliyojaa kupita kiasi huwa haina raha. Wamo waliokuwa vijana wa kiume waliozoea bahari, na wamo wanawake, watoto na watu wazima ambao hawakuwahi kupanda chombo kisichokuwa meli ya abiria. Kwa majeruhi, saa hizo chache juu ya maji zilikuwa na uzito wake.

Jeraha lisilofikishwa hospitali

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na inafaa kukaa nalo. Ripoti ya Human Rights Watch ilieleza kwamba baadhi ya majeruhi walizuiwa kufika hospitali, na wengine hawakuthubutu kwenda kwa kuhofia kukamatwa wakiwa kitandani. Hospitali inapogeuka mahali pa kutambuliwa, mgonjwa hufanya hesabu ambayo hakuna daktari angependa aifanye: hatari ya jeraha kwa upande mmoja, hatari ya mlango wa hospitali kwa upande wa pili. Kijana mwenye afya njema huamini kwamba mwili wake utastahimili. Mara nyingi hujidanganya.

Jeraha la risasi halifanani na jeraha la kisu. Risasi yenye kasi huua nyama pande zote za njia yake, huingiza ndani vipande vya nguo na uchafu, na huacha tundu dogo juu ya shimo kubwa. Likiachwa bila kusafishwa kwa upasuaji, nyama iliyokufa huwa shamba la vijidudu. Pepopunda huweza kuanza kati ya siku 3 na 21 baadaye, hasa kwa mwanamume mtu mzima ambaye chanjo zake za utotoni hazikukamilika wala kurudiwa. Wanawake wengi wamekingwa kwa chanjo za kliniki ya wajawazito, wanaume hawana kliniki ya namna hiyo. Mfupa uliovunjika na kuingia vijidudu huweza kutoa usaha kwa miaka, ukafunga na kufunguka, huku kijana akitembea kwa mguu uliopinda. Risasi iliyobaki ndani ya nyama mara nyingi haidhuru tena. Iliyobaki ndani ya kiungo chenye ute, kama goti au nyonga, huyeyuka polepole na kutia sumu ya madini katika damu. Kiswahili kimeyaita madini hayo na kitu hicho kwa jina moja, risasi, na katika hali hii jina limesadifu.

Daktari wa ugenini atakayekutana na kijana huyo miaka sita baadaye ataona kovu, maumivu ya kiungo, tumbo linalosokota na upungufu wa damu usio na sababu. Asipouliza kovu limetokana na nini, hatapima sumu ya risasi. Akiuliza kwa sauti ya afisa wa uhamiaji, ataambiwa ni ajali ya baiskeli. Kijana aliyejifunza mwaka 2001 kwamba jeraha lake ni ushahidi dhidi yake hasahau somo hilo kwa kuwa amebadilisha nchi. Kwa hiyo usiri wa daktari na kutoegemea upande kwa hospitali ni mambo yanayogusa matibabu moja kwa moja: pale yalipovunjwa mara moja kisiwani, kliniki iliyo umbali wa maelfu ya kilomita hupata historia ya ugonjwa iliyo ya uongo.

Dadaab, kisha Mogadishu

Kutoka Shimoni wakimbizi walihamishiwa Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya. Kambi za huko, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita vya kwao, zikikusudiwa kwa watu 90,000. Vigumu kupata mahali pasipofanana na Pemba kuliko hapo. Mtu wa kisiwa chenye mvua nyingi, mikarafuu, mabonde ya mpunga na samaki wa kila siku aliwekwa katika nchi ya vumbi na miiba, akipewa mgao wa nafaka, kunde na mafuta ya kupikia, bila samaki wabichi, bila muhogo, bila ndizi. Mgao wa namna hiyo, ukiendelea miezi mingi bila mboga wala nyama, hushibisha tumbo na kuacha upungufu wa madini ya chuma na vitamini. Kuni zilitafutwa nje ya kambi, na kwa wanawake na wasichana njia ya kuni ilijulikana kwa ubakaji.

Sera ya Kenya haikuwaruhusu wakimbizi kufanya kazi wala kutoka kambini wapendavyo. Kwa mvuvi wa umri wa miaka 20 hilo ni zaidi ya kukosa kipato, kwani katika umri huo ndipo mtu hujenga chombo, huposa na huanza kuhesabiwa miongoni mwa wanaume wa kijiji. Tafiti zilizofanywa Australia kwa wakimbizi waliopewa hati za ulinzi wa muda zilionyesha kwamba hali ya kutojua kesho huzidisha sonona na kiwewe juu ya yale yaliyotokana na ukatili wenyewe. Wataalamu wa afya ya akili wamelikubali jambo hilo zamani. Wapanga sera bado huzihesabu siku za kungoja kana kwamba ni siku tupu, na hilo ni kosa lenye gharama.

Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF vilitia saini Muafaka, na wengi wa wakimbizi wakarejea Pemba. Kikundi kidogo kilikataa kurudi. Nchi za tatu hazikuwachukua, jambo lisilo la ajabu, kwani ulimwenguni kote wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata asilimia 1. Baadhi yao wakaondoka Dadaab wakaelekea Mogadishu. Watu waliokimbia ghasia za siku chache wakaenda kuishi katika mji uliokuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakayapitia mapigano ya baada ya mwaka 2006 na njaa ya mwaka 2011. Mwaka 2012 kikundi cha watu 38 kilirejeshwa nyumbani kutoka Somalia kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), miaka 11 baada ya kuondoka. Kijana aliyeondoka na miaka 19 alirudi akiwa na 30.

Alichobeba ndani ya damu na mkojo

Wengine walifika mbali zaidi, Ulaya na kwingineko, kwa njia zao wenyewe. Tofauti kati ya njia hizi ina maana kubwa kitabibu. Mkimbizi anayehamishwa rasmi, kwa mfano Mkongomani anayetoka kambi ya Nyarugusu kwenda Marekani, hupimwa kabla ya safari, kifua chake hupigwa picha kutafuta kifua kikuu, na hupewa dawa za minyoo, kichocho na malaria. Aliyefika mwenyewe na kuomba hifadhi hana lolote katika hayo. Huanza na daktari wa mtaa ambaye pengine hajawahi kukiona kichocho.

Pemba ya mwaka 2001 ilikuwa na kichocho cha mkojo kwa wingi, kutokana na konokono wa vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga. Mvulana wa Wete au Micheweni aliyekojoa damu hakushtuka sana, kwa kuwa na wenziwe walikojoa damu. Akiwa London na miaka 22, mkojo wenye damu humpeleka kwenye vipimo vya saratani ya kibofu na picha za gharama, ilhali swali moja kuhusu maji aliyoogea utotoni na dozi ya prazikwanteli vingetosha. Minyoo hiyo huweza kuishi mwilini miaka mingi, kwa hiyo muda uliopita tangu kuhama haumwondolei mtu shaka. Kwa msichana hali ni mbaya zaidi. Mayai ya kichocho yakiingia katika njia ya uzazi huleta vidonda na kutokwa na damu, na mhudumu asiyeujua ugonjwa huo hudhani ni maradhi ya zinaa. Hebu afikiriwe binti wa Kipemba asiyewahi kuolewa, akiulizwa mbele ya mkalimani wa kiume idadi ya wanaume aliolala nao. Harudi kliniki tena, na mhudumu huandika kwamba mgonjwa hakufuata matibabu.

Strongiloidi, mnyoo mdogo wa udongo, una hatari ya aina yake kwa sababu hujizalisha ndani ya mwili bila kikomo. Mgonjwa wa pumu au wa figo akipewa steroidi kwa wingi bila mnyoo huo kutafutwa na kutibiwa kwa ivamektini, anaweza kufa ndani ya wiki chache. Selimundu nayo ihesabiwe, na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho kukosekana kwake huyafanya baadhi ya madawa ya malaria kuvunja chembe za damu.

Aliyeondoka alikosa pia yaliyotokea nyuma yake. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilikuwa imefunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000 tu, na mwaka 2001 huohuo Zanzibar ilianza kugawa dawa kwa umma kutokomeza matende. Baadaye malaria ikashuka sana visiwani kutokana na dawa mseto, vyandarua na upulizaji wa dawa majumbani. Matabibu wa Pemba wanaompokea aliyerejea wasimchukulie kuwa ni mwenyeji wa kawaida: hakuwemo katika kampeni hizo, na kama ameishi miaka mingi mahali pasipo na malaria, kinga yake ya utotoni imepungua.

Umri na karatasi

Kijana anayeomba hifadhi Ulaya akisema ana miaka 16 hupewa malezi, skuli na mlezi wa kisheria. Akionekana ana 18 huwekwa pamoja na watu wazima. Pemba wako wengi waliozaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, wakaandikishwa wakiwa wakubwa au wasiandikishwe kabisa, na tarehe yao ya kuzaliwa ni kumbukumbu ya mama: mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu, au wiki mbili kabla ya Ramadhani. Baadhi ya nchi hutafuta jibu katika picha ya mifupa ya kiganja. Kitabu cha Greulich na Pyle kinachotumika kulinganishia kilitengenezwa kwa picha za watoto wa hali nzuri wa Cleveland, Marekani, zilizopigwa hasa katika miaka ya 1930, na kosa la miaka miwili kwa upande wowote halishangazi. Kumhukumu kwa kipimo hicho mtoto aliyekua na safura na lishe duni ni kukitaka kitabu kiseme kisichokuwemo. Mwenye umri unaobishaniwa hujifunza haraka kwamba neno lake halina thamani.

Anayemfasiria maneno

Uchambuzi wa mwaka 2005 uliojumlisha tafiti za wakimbizi katika nchi za Magharibi ulikuta kiwewe cha muda mrefu kwa takribani mtu mzima 1 kati ya 11, na kwa watoto asilimia 11. Kwa maneno mengine, wengi hawaugui. Lakini kiwango hicho ni kikubwa kuliko cha wenyeji. Uchunguzi mkubwa wa Sweden wa mwaka 2016, uliohusu watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha pia kwamba wakimbizi hupata maradhi ya kutengana na uhalisia kuliko hata wahamiaji wengine wa mikoa ileile.

Kijana wa pwani haelezi sonona kwa jina hilo. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka, mwili mzito, usingizi umemtoka. Au hueleza kwamba amechezewa, na kwamba kwao wangemwita mganga. Daktari asiyezijua lugha hizi huagiza vipimo vya moyo, au huandika kwamba mgonjwa anasikia mashetani. Hukumu zote mbili ni za pupa.

Mkalimani huletwa kutatua tatizo hilo, na huenda akalizidisha. Katika orodha ya wakala huandikwa neno moja, Kiswahili. Kwa Mpemba wa mwaka 2001, mkalimani wa Kiswahili anaweza kuwa Mtanzania mwenzake wa chama kingine, mtu anayefahamiana na shehia yake, au Mkongomani ambaye Kiswahili chake kinatofautiana na cha Micheweni katika maneno ya mwili na ya siri. Kijana hutathmini lafudhi kabla ya kutathmini swali. Kliniki iliyo makini humwuliza mgonjwa, kabla ya miadi, kama angependa mkalimani wa kike au wa kiume, kutoka wapi, au kwa simu bila majina kutajwa. Ni swali lisilogharimu kitu, na mara nyingi huamua kama historia ya jeraha itasemwa au la.

Waliobaki ng'ambo ya mkondo

Kisa hiki kina upande mmoja zaidi, ambao mara nyingi huachwa. Kwale na Kilifi walikuwepo Wapemba waliofika Kenya miongo kadhaa kabla ya mwaka 2001, wengine kwa dago, wengine kwa kukimbia matukio ya mwaka 1964, na watoto na wajukuu wao walikuwa bado hawana uraia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho, kijana hakuweza kupata leseni ya uvuvi, kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kujiunga na bima ya afya. Bila cheti cha kuzaliwa, mwanafunzi alikwama kwenye kuandikishwa mtihani. Mama mjamzito alijifungulia nyumbani, na mtoto akaanza safari ileile ya baba yake.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho. Kwa wahudumu wa afya wa pwani hiyo kazi iliyofuata ilikuwa ya kawaida kabisa: kufungua kadi za kliniki kwa majina halisi, kuwatafuta watoto ambao chanjo zao hazikuandikwa popote, na kuwauliza wanaume wa makamo wenye makovu ya zamani, kwa upole na mlango ukiwa umefungwa, waliyapata wapi.